Mkataba unasema saa 20, profesa anataka karibu 30, na sasa nimeitwa kikaoni. Chama kinanilinda vipi?

#1 KalamuNyekundu
Wakuu, salamu.

Niko mwaka wa tatu wa uzamivu hapa Marekani na nafanya kazi kama msaidizi wa kufundisha. Chama chetu kina mkataba na chuo, na kifungu cha mzigo wa kazi kinasema saa 20 kwa wiki. Muhula huu msaidizi mwenzangu aliondoka, nafasi yake haikujazwa, na wanafunzi wake wakahamishiwa kwangu. Nilikuwa nasahihisha insha za watu 50, sasa ni 90. Wiki tatu mfululizo nimepita saa 27.

Nilimwandikia profesa wa kozi kwa adabu kabisa. Akanijibu mstari mmoja, kwamba kazi ya usomi haipimwi kwa saa. Jana mkuu wa idara amenitumia barua pepe niende Alhamisi "tuzungumzie mwenendo wako kwenye kozi".

Niende peke yangu? Chama kinaweza kufanya nini kabla ya Alhamisi? Msimamizi wa tasnifu yangu ni rafiki mkubwa wa huyo profesa, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Naomba majibu ya waliopitia.

#2 Mchimbamchanga
Usithubutu kwenda peke yako. Kuna haki inaitwa Weingarten. Chuo kinalazimika kukuambia kwamba una haki ya kuwa na mwakilishi wa chama kabla hawajakuhoji. Wasipokuambia, kikao chote ni batili.

#3 MzeeWaKanuni
Mchimbamchanga, nusu umepatia, nusu umempoteza dada wa watu. Haki ipo, ila mwajiri halazimiki kukutajia. Hao ni polisi unaowachanganya na waajiri. Haki ya Weingarten unaiomba mwenyewe. Ukikaa kimya ukajibu maswali, umeiacha mezani.

Ilitokana na kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1975. Mama mmoja alikuwa akiuza chakula kwenye duka la Houston. Akatuhumiwa kuchukua boksi la kuku la dola 2.98 na kuweka dola 1 tu kwenye mashine ya pesa. Wakamweka chumbani wanamhoji, akaomba mwakilishi wa chama zaidi ya mara moja, wakamkatalia. Ikaja kugundulika kwamba maboksi madogo yalikuwa yamekwisha, akaweka kuku wa dola moja kwenye boksi kubwa. Kutokana na huyo mama, leo mfanyakazi mwenye chama akiitwa kwenye mahojiano na ana sababu ya kuhofia kuadhibiwa, anaweza kusema: sijibu mpaka mwakilishi wangu awepo.

Ukishaomba, mwajiri ana njia tatu. Akubali, aahirishe mahojiano, au akuachie uchague kati ya kuendelea bila mwakilishi na kutokuwa na mahojiano kabisa. Kuendelea kukubana kwa nguvu hana ruhusa.

#4 Mchimbamchanga
Nimekubali kusahihishwa, mzee. Asante.

#5 UpepoWaKusi
Nitasema lisilopendwa. Mimi niko mwaka wa sita. Chama kitakutetea kwenye saa, lakini barua ya mapendekezo huandikwa na msimamizi, wala hakuna mwamuzi duniani atakayemlazimisha mtu aandike barua yenye moto. Barua ya "alikuwa mwanafunzi mzuri" inatosha kukufungia milango yote. Nenda, sikiliza, omba radhi kwa sauti ya barua pepe yako, malizia muhula. Umebakiza wiki ngapi? Sita?

#6 Maabara_Usiku
UpepoWaKusi, ushauri wako ndio umefanya niendelee kuosha vyombo vya maabara Jumapili tangu mwaka wa kwanza. Nilivumilia muhula mmoja. Muhula wa pili wakaona ni kawaida yangu. Wa tatu likawa jukumu langu, na msaidizi aliyenifuata akalirithi.

#7 BintiMwalimu
Kwanza tujue: chuo ni cha umma au binafsi? Nusu ya majibu hapa yanategemea hilo.

#8 Mchimbamchanga
Kwani kuna tofauti? Si Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ilishaamua kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2016 kwamba wasaidizi wanafunzi ni wafanyakazi nchi nzima?

#9 BintiMwalimu
Columbia 2016 ni ya vyuo binafsi tu. Bodi ile haina mamlaka juu ya chuo cha serikali. Chuo cha umma kinaongozwa na sheria ya jimbo lake, na majimbo hayafanani. California ina sheria na bodi yake. New York inakataza watumishi wa umma kugoma. Wisconsin ndiyo ya kusikitisha zaidi: wasaidizi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walipata mkataba wao mwaka 1970, kabla ya wengine wote nchini, halafu sheria ya jimbo ya mwaka 2011 ikaja kuwapokonya uwezo wa kujadiliana kama walivyozoea.

Hata huko kwenye vyuo binafsi msidhani mambo yamejengwa kwa saruji. Mwaka 2000 Bodi ilisema wasaidizi wa Chuo Kikuu cha New York (NYU) ni wafanyakazi. 2004, kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Brown, ikasema hapana, ni wanafunzi tu. 2016 ikarudi kusema ndiyo. Wajumbe wakibadilika, jibu nalo hubadilika.

#10 KalamuNyekundu
Ni binafsi. Asanteni, naandika yote pembeni.

#11 MzeeWaKanuni
Vizuri. Basi leo hii, usingoje kesho, jibu ile barua pepe kwa mistari miwili: "Je, kikao hiki kinaweza kusababisha hatua za nidhamu? Kama ndiyo, naomba mwakilishi wangu wa chama awepo." Nakala kwa mwakilishi. Usieleze kitu kingine. Usijitetee. Watu wa usomi tuna ugonjwa wa kueleza; tukiulizwa saa ngapi tunaandika aya nne.

Na mwakilishi akija si pambo. Anaruhusiwa kuuliza kikao kinahusu nini kabla hakijaanza, kuongea nawe faragha na kuomba swali lifafanuliwe. Asichoruhusiwa ni kugeuza mahojiano kuwa majadiliano ya mkataba au kujibu kwa niaba yako.

#12 Kipepeo_wa_Ghorofa3
Mimi ni mwakilishi wa chama kwenye idara yetu, mwaka wa pili sasa. Weingarten ni nzuri lakini mnaizungumzia kama ndiyo ulinzi wote. Kesi nyingi ninazoziona hazifi kwenye kikao, zinafia kwenye kalenda. Kila mkataba una muda wa kufungua lalamiko. Kwetu ni siku 30 tangu siku ulipojua kosa. Mtu anavumilia muhula mzima, anakuja kwangu Desemba akilia kuhusu Septemba, na ninachoweza kumpa ni chai.

KalamuNyekundu, fungua mkataba wako usiku huu, tafuta kifungu cha malalamiko, hesabu siku tangu wiki ile ya kwanza. Ukikuta zimebaki mbili, hizo mbili ndizo za muhimu kuliko Alhamisi.

Kuna saa nyingine pia inatembea: kumshtaki mwajiri kwenye Bodi kwa kuvunja sheria yenyewe, mfano kukuadhibu kwa sababu umedai haki ya mkataba, mwisho ni miezi sita. Zile ni njia mbili tofauti. Lalamiko ni kuhusu mkataba. Shitaka la Bodi ni kuhusu sheria.

#13 Ndugu_Mtaratibu
Swali la kando. Hivi "lalamiko" ndilo neno tunalotumia kweli? Linasikika kama mtoto ananung'unika kanyimwa maandazi.

#14 BintiMwalimu
Sema "shauri". Kufungua shauri. Lina heshima yake.

#15 MzeeWaKanuni
"Shauri" watu watafikiri mmefika mahakamani. Mimi nasema "dai". Mkataba umeahidi, nadai.

#16 Ndugu_Mtaratibu
"Dai" limekaa vizuri. Ila mwenye dai hudhaniwa ni wa pesa.

#17 Kipepeo_wa_Ghorofa3
Liiteni mnavyotaka, mradi liingie ndani ya siku 30.

#18 Jabali
Turudi kwenye mada. Ameandika wapi hizo saa 27? Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku kwa siku: tarehe, kazi, dakika. Insha 14, saa 3 na dakika 20. Kujibu barua pepe za wanafunzi, dakika 45. Ukija na "nahisi nafanya sana", profesa naye atakuja na "nahisi anasahihisha polepole", na hapo mmefungana.

Na usiandikie kwenye barua pepe ya chuo wala kompyuta ya chuo. Mambo ya chama yaende kwa anwani yako binafsi.

#19 Safari_Ndefu
Hapo kwenye daftari ngoja. KalamuNyekundu uko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni?

#20 KalamuNyekundu
Ndiyo.

#21 Safari_Ndefu
Basi simama kidogo kabla hujamtumia mtu yeyote hilo daftari. F-1 wakati wa muhula inaruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki. Mkataba wa chama ukivunjwa, aliyeuvunja ni chuo. Lakini kikomo cha viza kikivukwa, anayeulizwa ni wewe. Daftari lako la saa 27 kwa wiki tatu ni ushahidi dhidi ya idara, na hapo hapo ni maandishi yako mwenyewe kwamba umefanya kazi kupita ruhusa.

Mimi ilinikuta. Nilikuwa nimeandaa jedwali zuri, rangi tatu, niko tayari kulipeleka ofisi ya rasilimali watu. Mwakilishi wetu akalifunika kwa mkono na kuniuliza kwanza kuhusu viza. Tulikaa na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuandika neno lolote. Sitasema hapa alichonishauri, kwa sababu kila mtu na mazingira yake, lakini namshukuru huyo mwakilishi mpaka leo.

#22 Jabali
Hilo sikulifikiria. Mimi ni raia, nimeongea kama raia. Nisamehe dada.

#23 UpepoWaKusi
Mnaona sasa? Ndiyo maana nilisema anyamaze.

#24 Kipepeo_wa_Ghorofa3
Hapana, UpepoWaKusi. Akinyamaza ataendelea kufanya saa 27 kila wiki, na kila wiki inamwongezea hatari ile ile ya viza. Kunyamaza hapa hakumlindi na chochote.

Ninachowashauri wa F-1 katika idara yangu ni kusema kabla. Jumatano ukiona umefika saa 15, unaandika: "Profesa, nimebakiza saa 5 wiki hii. Zimebaki insha 40. Nisahihishe zipi, na zipi nani azichukue?" Hapo hujaasi na hujapita kikomo. Mwenye kozi ndiye anayelazimika kuamua, tena kwa maandishi. Akisema "fanya zote", ameandika yeye. Na ukifika 20 unaacha, ukiwa na mwakilishi nyuma yako.

#25 MzeeWaKanuni
Hapo kwenye "unaacha" nina wasiwasi, Kipepeo. Kanuni ya zamani ya kazi ni tii kwanza, dai baadaye, isipokuwa agizo ni la hatari au linavunja sheria. Mtu akiacha kazi mezani anaweza kuitwa mkaidi, na dai lake la mzigo likamezwa na kesi ya ukaidi.

#26 Kipepeo_wa_Ghorofa3
Mzee, agizo la kumvusha mtu kikomo cha viza si agizo halali.

#27 MzeeWaKanuni
Mwamuzi wa nje anayesikiliza madai ya mkataba anaweza kukubaliana nawe. Anaweza pia kusema KalamuNyekundu angeuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwanza. Nisingependa kesi ya dada huyu ndiyo itupatie jibu.

#28 Sauti_ya_Pamoja
Nimesoma kurasa zote mbili na kitu kimoja kinanikera. Mnamjenga KalamuNyekundu kama mtu mmoja dhidi ya idara. Wasaidizi kwenye kozi hiyo wako wangapi?

#29 KalamuNyekundu
Tulikuwa wanne. Sasa watatu. Wenzangu wawili nao wanalia, mmoja ana wanafunzi 85.

#30 Sauti_ya_Pamoja
Basi dai lenu ni la watatu. Mtu mmoja akilalamika, idara inamchunguza yeye: anasahihisha taratibu, hajui kupanga muda. Watatu wakiweka sahihi kwenye karatasi moja, wataulizana kuhusu kozi. Na kwenye chuo binafsi, sheria ya taifa ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935 inalinda wafanyakazi wanaochukua hatua pamoja kuhusu mazingira yao ya kazi, hata kama hawana mkataba. Hao wenzako hata kama hawajalipa ada ya chama, mkataba unawahusu na chama kinalazimika kuwawakilisha kwa haki.

Tena chama kiombe taarifa rasmi: idadi ya wanafunzi kwa kila msaidizi miaka iliyopita. Mwajiri anawajibika kukipa chama taarifa zinazohitajika kushughulikia dai. Mkiweka 50 ya awali kando ya 90 ya sasa, hamtahitaji hata kutaja daftari la mtu wa F-1.

#31 Safari_Ndefu
Hii ya #30 ndiyo bora mpaka sasa. Idadi ya wanafunzi inatoka kwa chuo chenyewe.

#32 Mchimbamchanga
Na wakikataa, gomeni! California Novemba 2022 waligoma wafanyakazi wa kitaaluma kama 48,000 kwa wakati mmoja, kwenye kampasi zote za Chuo Kikuu cha California.

#33 BintiMwalimu
Mchimbamchanga, unapenda moto. Mikataba mingi ina kifungu cha kutogoma wakati mkataba ungali hai. Mgomo wa 2022 uliitishwa na chama, kwa kura, wakati wa majadiliano. Linganisha na Santa Cruz, chuo cha mfumo huo huo: Desemba 2019 wasaidizi walizuia alama wakidai nyongeza ya dola 1,412 kwa mwezi kwa ajili ya kodi za nyumba. Chama hakikuidhinisha kwa sababu mkataba ulikuwa hai. Makumi ya watu walifukuzwa kazi ya kufundisha, wakarudishiwa nafasi Agosti 2020 baada ya vuta nikuvute ndefu.

Hata mgomo halali una maumivu. Chuo Kikuu cha Temple, mwaka 2023, kiliwaondolea waliogoma msamaha wa ada na bima ya afya katikati ya mgomo. Walimaliza kwa mkataba, lakini mtu anayetumia dawa kila siku alipaswa kujua hilo kabla ya kuinua bango.

#34 Mchimbamchanga
Nilisema wakikataa. Sikusema kesho.

#35 Maabara_Usiku
Lakini BintiMwalimu, wale wa Santa Cruz ndio waliofanya kila mtu azungumzie kodi ya nyumba. Karibu miaka mitatu baadaye kilio chao kilikuwa katikati ya madai ya watu 48,000. Siwezi kusema walikosea.

#36 BintiMwalimu
Wala mimi sijasema walikosea. Nimesema walilipia.

#37 Ndugu_Mtaratibu
Mimi naona shimo jingine. Idara imeandika "mwenendo kwenye kozi". Wakigeuza hili kuwa suala la *kitaaluma*, mkataba wote unaweza kuwekwa pembeni. Mikataba mingi inakiachia chuo maamuzi ya kitaaluma. Kwetu mtu alipewa alama mbaya ya maendeleo ya utafiti wiki chache baada ya kudai likizo yake. Chama kikasema ni kisasi, idara ikasema ni tathmini ya usomi. Mpaka anaondoka hakuna aliyeshinda.

#38 MzeeWaKanuni
Ndiyo uchungu wa kazi yetu. Anayekupa kazi ndiye anayekupa alama. Dawa pekee ninayoijua ni kutenganisha karatasi mapema: barua pepe za kufundisha huku, za tasnifu kule, na ukipata sifa yoyote ya utafiti kabla ya mgogoro, ihifadhi. Tathmini nzuri ya Mei na mbaya ya Oktoba, na katikati yake kuna dai la Septemba. Mwamuzi anajua kusoma kalenda.

#39 UpepoWaKusi
Mwamuzi yupi? Januari 2025 mjumbe mmoja wa Bodi alifukuzwa, Bodi ikapoteza akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili iweze kuamua. Mnamwambia dada apeleke kisasi chake huko?

#40 Kipepeo_wa_Ghorofa3
Ofisi za kanda za Bodi ziliendelea kupokea mashitaka hata akidi ilipokosekana. Ila una hoja. Vyama kadhaa vinaogopa kupeleka kesi kubwa juu, uamuzi wa 2016 usije ukafutwa. Ndiyo maana nasisitiza dai la mkataba: linakwenda kwa mwamuzi wa nje ambaye chuo na chama wamekubaliana kumtumia, si kwa Bodi.

#41 KalamuNyekundu
Mrejesho, wakuu.

Nilituma ile mistari miwili ya #11. Mkuu wa idara akajibu baada ya saa nne kwamba kikao "si cha nidhamu, ni mazungumzo ya kawaida". Mwakilishi akanishauri niombe hilo libaki kwenye maandishi na bado akaja nami. Kikao kilikuwa dakika 25. Mwakilishi aliuliza swali moja tu: mwenendo upi? Ikawa kimya. Kisha tukaambiwa profesa hakupendezwa na "sauti" ya barua yangu.

Tulipofungua mkataba, zilikuwa zimebaki siku nne. Tumefungua dai ngazi ya kwanza jana, sahihi tatu, na chama kimeomba idadi za wanafunzi za miaka mitatu. Daftari langu liko nyumbani. Wiki ijayo nina miadi na mwanasheria wa uhamiaji ambaye chama kimenitafutia.

Msimamizi wangu wa tasnifu bado hajajibu barua pepe yangu ya mwisho. Siku tisa sasa. Sijui kama ni shughuli au ni hilo.

#42 Jabali
Siku nne! Kipepeo amekuokoa.

#43 UpepoWaKusi
Nimefurahi kwa ajili yako, kwa moyo wote. Kuhusu msimamizi: mwandikie tena, kazi ya tasnifu tu, sura iliyo tayari. Usitaje mengine.

#44 Ndugu_Mtaratibu
Na uhifadhi tarehe ya hiyo barua.

#45 Maabara_Usiku
Naomba kuuliza kabla uzi haujapoa. Wa kufundisha mna insha za kuhesabu. Sisi wa maabara, jaribio moja ni la mradi wa profesa na hapo hapo ni sura ya tasnifu yangu. Saa zipi ni kazi na zipi ni masomo? Mkataba wetu umesema 20 na haukusema zaidi ya hapo.

#46 Kipepeo_wa_Ghorofa3
Hilo tumebishana nalo kwenye kamati ya majadiliano miezi mitatu. Fungua uzi wake, nitakuja.